Zamu Isiyopokewa

Mimi hushona mapazia. Nalisema hilo mapema ili usinishangae, maana kitu cha kwanza nilichokiona katika kiwanja kipya cha ndege ni kwamba hakina pazia hata moja. Ukuta mzima ni kioo, kuanzia sakafuni hadi darini, na hakuna aliyefikiria hata kipande cha kitambaa chepesi. Nilianza kupiga hesabu ya mita kichwani, nikajikanya, kwa sababu siku hiyo sikuja kutafuta kazi. Nilikuja kumchukua baba.

Baba alikuwa hatua mbili nyuma yangu, fimbo mkono wa kushoto, mkono wa kulia umo mfukoni mwa koti. Mkono ule haukutoka mfukoni tangu tulipofunga mlango wa nyumbani kwake. Ana miaka sabini na sita. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mwendesha jenereta wa kiwanja cha zamani, kile kilichokuwa hapa hapa kabla ya kubomolewa. Wenzake walimwita Mngurumo, kwa sababu mashine ilimla masikio naye akazoea kusema kwa sauti ya kuishinda. Ukimuuliza hali, anakujibu na majirani watatu wanapata habari.

Nilikuwa na jambo moja tu siku hiyo: apande ndege. Miezi miwili kabla, alianguka jikoni kwake asubuhi, akakaa sakafuni mpaka alasiri, jirani alipopita kurudisha ngazi aliyoazima. Hakuvunjika mfupa. Aliponipigia simu alisema alikuwa "amepumzika kidogo chini". Ni yule jirani aliyenieleza ukweli, akaongeza kwamba mzee halali siku hizi, taa ya chumbani kwake inawaka na kuzimika usiku kucha, na mchana anasinzia vipande vipande akiwa amekaa wima.

Mimi naishi mbali, saa mbili na nusu kwa ndege. Kwangu kuna chumba chenye dirisha la upande wa mashariki, nilikishonea mapazia miaka sita iliyopita kwa ajili yake, na mpaka leo hakuna aliyeyafunga. Mara tatu nimemfuata, mara tatu amekataa. Ya kwanza alisingizia goti. Ya pili alisingizia kuku. Ya tatu hakusingizia chochote, alikaa tu kitandani amevaa viatu mpaka ndege ikaondoka bila sisi. Safari hii ya nne alikubali kwa kichwa, bila maneno, nami namjua baba yangu. Akirudi nyumbani leo, hatoki tena mpaka abebwe.

Teksi ilitushusha kwenye maegesho. Magari yamepangwa chini ya paa la paneli za sola, safu kwa safu, paneli zinapata jua na magari yanapata kivuli. Aliyebuni hilo nampa mkono. Zamani magari yalikaa pale juani mpaka usukani haushikiki, na abiria alirudi safari kwa furaha akaondoka na malengelenge. Dereva wa teksi alijifanya mwenyeji wetu, akatueleza kwamba umeme wote wa kiwanja unatoka juu ya vichwa vyetu, kwamba maji ya mvua yanakingwa na mapaa na kupelekwa vyooni, na kwamba majani yaliyo kati ya paneli za kule uwanjani hayakatwi kwa mashine, yanaliwa na kondoo.

Baba alishika neno la mwisho tu. "Kondoo ndio wanaoendesha?" akauliza.

"Jua, mzee. Linaendesha jua."

"Na likizama?"

"Betri."

Baba akatazama njia tuliyotokea, ile ya kurudi mjini. Nikamshika kiwiko nikamwingiza ndani kabla hajapata swali jingine.

Ndani kulikuwa kimya. Watu walikuwapo wengi, wanaburuta mizigo, watoto wanalia, lakini chini ya sauti zao hakukuwa na kitu. Hakuna feni inayonguruma wala mashine ya baridi inayodondosha maji. Upepo unaingia kwa matundu ya chini na kutokea juu, na kweli palikuwa na ubaridi wa kupendeza. Hapakuwa na harufu pia. Nilivuta pumzi kwa nguvu, nikitafuta ile ninayoijua, nikapata ya sabuni ya sakafu. Kilinipendeza kiwanja kile, siwezi kusema uongo, na wakati huo huo nilikionea uchungu, kana kwamba nimerudi nyumbani nikakuta wamehamia watu safi kuliko sisi.

Sisi tulinuka dizeli. Tulikaa hapa hapa kiwanjani, kota ya tatu ya wafanyakazi, vyumba viwili na ua, hatua sitini kutoka nyumba ya jenereta. Mashati ya baba yalinuka dizeli hata yakitoka kwenye kamba, na mama aliyaanika mbali na mashuka huku akijua ni kazi bure. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, jioni nyingi haukuwapo kabisa, kwa hiyo mashine ilinguruma mpaka asubuhi na vikombe vikacheza kabatini. Ndugu zangu wawili na mimi tulilala fofofo kwa mngurumo ule. Usiku ambao umeme wa mji ulidumu, mashine ikapumzika, ndio tuliokosa usingizi. Wageni waliolala kwetu waliamka na macho mekundu, wakatushangaa, nasi tukawashangaa wao.

Umeme ulipokatika, kila taa ilizimika kwa mpigo mmoja, za ofisini, za kwetu na za njia ya ndege. Hapo nyumba nzima ilianza kuhesabu. Hakuna aliyetufundisha. Mama yuko jikoni, sisi tuko mezani na madaftari, tunahesabu kwa sauti pamoja: moja, mbili, tatu. Kwenye tano mashine inakohoa, kwenye saba taa zinarudi, na kila mtu anaendelea na alichokuwa akifanya. Kumi ndiyo iliyokuwa mpaka. Ikipita kumi, mama alichukua tochi akaenda.

Jioni moja tulifika ishirini na tatu. Hewa ilikuwa imeingia kwenye bomba la dizeli, na ndege ilikuwa tayari imeshusha magurudumu. Ikainua pua, ikazunguka, ikatua mara ya pili salama. Baba aliporudi hakula. Alikaa uani akitazama viganja vyake mpaka mama alipomwingiza ndani. Tangu hapo "ishirini na tatu" ikawa neno letu la nyumbani. Wali ukiungua ni ishirini na tatu, mchumba asipotokea ni ishirini na tatu. Mama aliruhusu mzaha huo baba akiwa hayupo tu.

Ila nilichokipenda kuliko vyote ni makabidhiano ya zamu, ambayo niliyatazama kila siku kwa dirisha la jikoni. Walikuwa wawili, baba na mwenzake, na mlango ulikuwa na ufunguo mmoja, hauna nakala. Anayetoka aliweka kiganja kwenye mashine, akasema, "Mashine nzima. Zamu nakukabidhi," kisha akamwekea mwenzake ufunguo mkononi bila kuuachia. Anayeingia naye aliweka kiganja kwenye mashine, akasema, "Nimepokea." Hapo tu vidole vya anayetoka vilifunguka. Bila neno hilo huondoki. Mwaka wa mafuriko yule mwenzake alikwama upande wa pili wa mto siku mbili, na baba alikaa zamu siku mbili, mama akimpelekea chakula na shati safi. Hakuna aliyeona ni ushujaa. Zamu ilikuwa haijapokewa, basi.

Kwenye ukaguzi wa mizigo ndipo mkono ulipotoka mfukoni, na haukutoka kwa hiari. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alimwambia aweke vitu vyote vya chuma kwenye trei. Baba akaweka mshipi, akaweka miwani, akaweka saa. Akapita, mashine ikalia. Akarudi, akapita, ikalia tena.

"Mzee, kuna kitu mfukoni."

Baba akakitoa. Ulikuwa ufunguo, mrefu, mweusi kwa grisi, na shingo yake imefungwa uzi mwekundu. Niliutambua papo hapo. Uzi ule mama aliufunga mwenyewe, baada ya baba kuuangusha ufunguo kwenye majani tukautafuta wote kwa magoti.

"Uweke kwenye trei tu, mzee. Utaupata upande wa pili."

"Siuachii," baba akasema, na foleni nzima ikageuka.

"Ni ufunguo wa nini?"

"Wa hapa."

Mlinzi akacheka kidogo, akanitazama kutaka msaada. Nilimwambia babangu alifanya kazi hapa zamani, wazee hubaki na vitu. Kijana akafikiri, kisha akaushika ufunguo ukiwa mkononi mwa baba, akaugeuza huku na huku, akaturuhusu. Nilimshukuru kuliko ilivyostahili. Nilidhani ni kumbukumbu tu, kama vile mimi nilivyoweka mkasi wa kwanza niliokatia kitambaa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa na akili.

Ukumbi wa kusubiri ulikuwa na mwanga mwingi, upande mmoja unatazama njia ya ndege, upande mwingine unafunguka kwenye bustani ambayo abiria wanaruhusiwa kukaa. Nilimkalisha baba karibu na kioo, nikamwonyesha kondoo, kweli walikuwapo, wanakula kwa bidii katikati ya paneli. Ilikuwa saa tisa na nusu. Ndege yetu ingeondoka saa kumi na nusu.

"Panatetemeka?" baba akaniuliza ghafla.

"Nini?"

"Sakafu. Mimi siisikii." Alikuwa amevua kiatu kimoja, ameweka unyayo wa soksi chini. Masikio yake yamekufa, lakini miguu yake ilikuwa ikisikiliza mashine tangu mimi sijazaliwa.

"Hakuna mashine, baba. Nimekwambia, ni jua."

"Nani yuko zamu?"

"Sijui. Watakuwa na mtu."

"Watakuwa," akasema, na sikuipenda namna alivyolisema.

Baada ya nusu saa hivi wingu kubwa lilikuja likafunika jua, na taa za ukumbi zikawaka zote. Nilizishangaa, nikasema moyoni, mbona mchana. Kisha nikachukua chupa nikaenda kuijaza, maana maji pale hayauzwi kwa chupa za plastiki, kuna bomba la maji safi ukutani na kila mtu anajichotea. Nilikuwa nimeinama hapo, chupa nusu, wakati taa zote zilipozimika kwa mpigo mmoja.

Moja, mbili, tatu.

Sikukusudia. Midomo yenyewe ilianza. Kwenye nne nilitazama nje, nikaona ndege inakuja, iko chini, magurudumu yameshuka. Tano. Sita. Nilifika saba, taa hazikurudi, na roho ikanipaa kwa namna ambayo haijanipaa tangu jioni ile ya ishirini na tatu, nikiwa na umri wa miaka tisa. Nilipofika nane nilihisi baridi miguuni, kumbe maji yamejaa yamefurika viatuni mwangu, na jua lilikuwa limerudi linawaka ukumbi mzima, na kila mtu ameketi na simu yake kana kwamba hakuna kitu. Ndege ikatua taratibu. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ya maji akaniuliza kama naumwa.

Nikageuka kumtazama baba. Mkoba wake ulikuwapo kitini. Fimbo ilikuwapo, na kiatu kimoja chini. Baba hakuwapo.

Nilivibeba vyote, na sikuhangaika kumwuliza mtu. Mtu aliyeacha fimbo anakwenda mahali anapopajua. Nilitoka kwenye bustani, nikaangalia nyuma kuona mnara wa kuongozea ndege uko upande gani, maana mnara ni wa zamani, haukubomolewa, nikahesabu pale ulipokuwa ua wetu, nikafuata. Nilipita maua, nikapita benchi, nikapita ua wa michongoma uliokatwa vizuri. Nyuma ya michongoma ile palikuwa na nyumba ndogo ya matofali mekundu, madirisha yako juu, ukuta mnene. Nilisimama. Mbali na mnara, walibomoa kila kitu wakaiacha hiyo. Nilitamani kulia na sikuwa na muda. Mlango wa chuma wa upande wetu ulikuwa wazi, na ufunguo wenye uzi mwekundu ulikuwa umening'inia kwenye kitasa.

"Zamu ya nani?" nilisikia sauti ya baba ndani, ile sauti ya kushinda mashine, na mashine hakuna.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anahema. Mbele yake alisimama fundi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, buti kubwa, kalamu sikioni, macho yamemtoka. Nyuma yake kulikuwa na makabati meupe marefu yaliyopangwa ukutani, kila moja na kitaa cha kijani. Sakafuni, pale lilipokaa jenereta, ilibaki alama ya mstatili, nyeusi ya mafuta, ambayo hakuna sabuni iliyoiweza.

"Shikamoo mzee," fundi akasema. Alikuwa na malezi, hata kwa mshtuko ule. "Zamu yangu. Mpaka saa mbili."

"Umeme umekatika. Kuna ndege juu. Umekaa tu."

"Haujakatika, mzee. Taa zimezimwa."

"Na nani?"

"Na jua." Alinitazama, akaona tumefanana, akaendelea taratibu zaidi na kwa sauti kubwa. "Kuna kitu darini kinapima mwanga. Wingu likija kinawasha taa za ukumbi, jua likirudi kinazizima. Ni kubana matumizi tu. Taa za njia ya ndege hazihusiki, zile zinakula kwenye hizi betri. Hazijawahi kuzimika tangu nimeanza kazi."

Baba alitazama vile vitaa vya kijani kimoja baada ya kingine. Nilimwona akielewa. Mabega yakashuka, akajikuta ni mzee wa soksi moja, amesimama mahali asipotakiwa, amekimbilia hatari ambayo haipo. Aibu yake ilinichoma kuliko yangu yoyote.

"Nami nimehesabu," nikamwambia sikioni. "Nimefika nane. Tazama viatu vyangu."

Alivitazama. "Umemwaga maji."

"Nimemwaga."

"Hata mimi wiki ya kwanza nilikimbia na tochi," fundi akasema. "Walinicheka mwezi mzima. Lakini mzee, umeingiaje? Mlango huo haujawahi kufunguka. Tulikuta umefungwa, ufunguo haujulikani uliko, tukatoboa mlango mwingine upande wa pili. Nimesikia kitasa kinazunguka nikadhani ni panya."

"Kitasa hicho nilikitia grisi mimi," baba akasema.

Hapo tangazo likapita. Abiria wa ndege yetu, wito wa mwisho, lango namba nne. Nikamshika mkono. "Baba, twende."

Hakusogea. "Nenda wewe, mama."

"Baba."

"Siwezi kuondoka. Sijakabidhi."

Nilifungua mdomo nimjibu vibaya, nakiri. Nilikuwa nimeloa, nimechoka, na lango linafungwa. Lakini alikuwa akisema kwa sauti ndogo, na baba yangu hana sauti ndogo, sikuwahi kuisikia.

"Siku mama yako alipozidiwa nilikuwa zamu. Mwenzangu walikuwa wamekwisha kumstaafisha, nilibaki peke yangu. Waliponiita kutoka hospitali, nilifunga mlango nikaondoka. Mara moja tu, miaka thelathini na moja. Nilimkuta bado yupo, tukaongea. Baada ya mazishi nikarudi, nikakuta wamezungushia mabati. Wakanipa barua na saa ya ukutani, hapo hapo getini. Niliwaambia nina zamu ndani. Wakaniambia mzee, kazi imekwisha."

"Ulifanya vizuri kwenda kwa mama."

"Najua nilifanya vizuri," akasema. "Lakini zamu haikupokewa."

Miaka tisa tangu siku ile. Goti, kuku, viatu kitandani, taa inayowaka na kuzimika usiku kucha. Nilimlaumu kwa ukaidi, nikawaambia ndugu zangu kwamba baba amekuwa mtu wa kisirani, nikawaambia anapenda kuta zake kuliko wanawe. Kumbe alikuwa kazini.

Fundi alikuwa ametusikia, maana hata sauti ndogo ya baba inafika. Akavua glavu. "Mzee, unaweza kunikabidhi mimi?" akauliza. "Mimi ndiye ninayehusika."

"Nyinyi mnakabidhianaje?"

"Tunasaini kwenye kompyuta."

Baba akalitafakari jambo hilo kwa heshima kubwa, kisha akaliacha lipite. Akaenda mlangoni, akachomoa ufunguo, akarudi. Akatazama ile alama ya mafuta sakafuni, akatazama kushoto na kulia, na nikaona tatizo lake. Hakukuwa na mashine ya kuwekea mkono. Fundi naye aliliona, akagonga kabati la katikati kwa kidole. Baba akaweka kiganja pale, akakiacha kwa muda, macho amefumba.

"Ina joto," akasema.

"Kidogo. Inafanya kazi."

"Mashine nzima," baba akasema. Sauti ilirudi, madirisha yale ya juu yakaisikia. "Zamu nakukabidhi."

Akamwekea fundi ufunguo mkononi. Fundi akatabasamu kwa moyo wake wote, akasema, "Asante sana mzee, tutautunza vizuri."

Vidole vya baba havikufunguka. Fundi akavuta kidogo, akadhani umenasa, akavuta tena, tabasamu likaanza kumpotea. Tangazo likapita mara ya pili, sasa likitaja abiria wawili waliobaki. Baba alisimama vile vile, ameushika upande wake, anangoja, hajui kama mtu anaweza kulisahau neno hilo, maana kwake yeye hakuna aliyewahi kulisahau.

"Weka kiganja kwenye mashine," nikamwambia fundi. "Mkono mwingine. Sasa mwambie umepokea."

Fundi aliweka kiganja kwenye kabati. Hakucheka wala hakunitazama mimi, alimtazama baba usoni.

"Nimepokea," akasema.

Vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Mengine yalikwenda mbio. Fundi alichukua redio yake ya mkononi akaongea na watu wa langoni, akawaambia waushikilie mlango, mfanyakazi mwenzao anatoka zamu. Tulipelekwa kwa kigari cha umeme kisichotoa sauti, baba amekumbatia fimbo, mimi nimekumbatia mkoba na kiatu chake, viatu vyangu vinalia maji. Nilipogeuka, fundi alikuwa ameushika mlango wa chuma, anaufunga kwa ufunguo, anaufungua, anaufunga tena, anajifunza uzito wake.

Nilimpa baba kiti cha dirishani. Alitazama paneli zikiwaka jua, akatazama kondoo, akatafuta kota ya tatu ilipokuwa, akanionyesha kwa kidole, alikosea kama hatua kumi nikamwacha. Ndege ikasogea mpaka mwisho wa njia, ikasimama, kisha injini zikapanda, mngurumo ule mzito ukaingia sakafuni, ukapanda kwenye miguu ya viti, vikombe vya wahudumu vikaanza kucheza kabatini. Taa za ndani zikazimika zote kwa mpigo, kama zinavyozimwa ndege ikiruka.

Nikaanza kuhesabu, safari hii kwa kusudi. Kwenye saba nilimgeukia kuona kama atainuka. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi, mkono wa kulia uko juu ya goti, kiganja kimefunguka. Nilipita kumi. Magurudumu yaliachana na ardhi, nami nikaendelea polepole mpaka nikafika ishirini na tatu, na baba alikuwa bado amelala.